Blackpool, Mji Uliosusia Uwanja Wake

Msafiri atokaye Manchester kwa garimoshi kuelekea magharibi hupita katika nchi tambarare ya Lancashire, yenye malisho ya ng'ombe na nyumba za matofali mekundu, na kabla hajaiona bahari huuona mnara. Mnara huo wa chuma una urefu wa mita 158, nao ulifunguliwa tarehe 14 Mei, 1894, ukiwa umejengwa kwa kuigiza ule wa Eiffel ulioko Paris. Kwa vizazi vingi watoto wa viwandani waliopelekwa likizo walishindana ndani ya behewa ni nani atakayeuona kwanza, na mshindi alipewa sarafu na baba yake. Chini ya mnara ndipo ulipo mji wa Blackpool, wenye watu wapatao 140,000, ukitazamana na Bahari ya Irelandi, mahali ambapo upepo hauna adabu hata mwezi wa Julai.

Jina la mji maana yake ni ziwa jeusi, au tuseme dimbwi jeusi, kwa sababu ya kijito kilichopita kwenye udongo wa mboji na kumwaga maji meusi baharini. Palikuwa kijiji tu. Reli ilipofika mwaka 1846 kijiji kikageuka kuwa mji, na mji huo ukajengwa kwa kazi moja, nayo ni kuwapumzisha watu waliochoka. Waliochoka walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Lancashire, vile vile viwanda ambavyo kwa ajili yake pamba ilihimizwa kulimwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Kila mji wa viwanda ulikuwa na juma lake la kufunga mashine, na katika juma hilo mtaa mzima ulihamia Blackpool: fundi na msimamizi, jirani na jirani, hata wale waliokuwa hawasemezani.

Walilala katika nyumba za wageni zilizoendeshwa na kina mama, na sifa za kina mama hao zimebaki katika masimulizi ya Waingereza hadi leo. Asubuhi, kifungua kinywa kikishaliwa, mgeni alitakiwa kutoka na asirudi mpaka saa ya kula, mvua inyeshe isinyeshe. Wapo waliomtoza mgeni hata fedha ya kutumia chupa za chumvi na pilipili zilizokuwa mezani. Mama wa nyumba asomaye habari hizi asiwahukumu haraka. Msimu ulikuwa mfupi na majira ya baridi marefu, na fedha ya miezi michache ilipaswa kulisha nyumba kwa mwaka mzima.

Mji unavyo vitu vya kutazamwa. Tramu za umeme zilianza kupita ufukweni mwaka 1885. Gati ziko tatu, nazo zimeingia baharini si kwa ajili ya meli bali kwa ajili ya watu kutembea na kucheza. Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Agosti, taa za rangi huwashwa katika barabara ya pwani kwa urefu wa karibu kilomita 10, desturi iliyoanza mwaka 1879. Hali kadhalika huuzwa peremende ndefu kama fimbo, ambayo jina la mji limeandikwa ndani yake toka ncha hii hadi ncha ile, hata mtu akiivunja katikati bado atalisoma.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili nyumba hizo za wageni ziligeuka kambi. Mamia ya maelfu ya vijana wa jeshi la anga la Uingereza walipata mafunzo yao ya kwanza hapo, wakipiga gwaride kwenye barabara ya ufukweni huku mawimbi yakiwalowesha, na usiku wakilala katika vyumba ambavyo majuma machache tu kabla vilikuwa vya maharusi. Miongoni mwa walioletwa na jeshi katika pwani hiyo alikuwa koplo mmoja aliyejua sana mpira, Stanley Matthews. Vita vilipokwisha, mwaka 1947, klabu ya Blackpool ilimnunua kutoka Stoke kwa pauni 11,500. Wengi walidhani kwamba katika umri wa miaka 32 alikuwa anakwenda kumalizia siku zake. Aliendelea kuichezea Blackpool kwa miaka 14.

Hapo sasa ndipo mahali pa kuizungumzia klabu hiyo, kwa maana habari za mji huu haziwezi kutenganishwa nayo. Iliundwa mwaka 1887, na uwanja wake uitwao Bloomfield Road hauko mbali na bahari. Mtu aliyetoka kwenye gati ya katikati aweza kuufikia kwa miguu. Jezi zake ni za rangi ya chenza lililoiva, rangi iliyochukuliwa katika miaka ya 1920 kwa kuiga Waholanzi. Tarehe 2 Mei, 1953, mbele ya Malkia Elizabeth, klabu hiyo ilicheza fainali ya Kombe la Chama cha Mpira dhidi ya Bolton katika uwanja wa Wembley. Ilikuwa nyuma kwa 3-1, ikashinda 4-3. Waingereza huiita fainali ya Matthews, kwa jinsi alivyowachezea mabeki wa Bolton ubavuni mwa kulia akiwa na miaka 38, lakini magoli matatu yaliingizwa na Stan Mortensen, na la nne na Bill Perry, kijana mzaliwa wa Johannesburg. Mortensen alikuwa ametumika katika ndege za mabomu wakati wa vita, akanusurika ndege yake ilipoanguka. Matthews naye alikuja kuijua sana Afrika: mwaka 1957 alicheza Ghana, na katika miaka ya 1970 aliwafundisha vijana wa Soweto mpira wakati ambapo serikali ya makaburu haikupenda kuona jambo kama hilo.

Mtu aliyezaliwa Blackpool hurithi masimulizi haya kabla hajajua kusoma. Ndiyo sababu yaliyotokea baadaye yaliuma.

Katika nchi nyingi za Afrika timu kubwa zimekuwa za jeshi, za polisi, za mashirika au za wanachama wenyewe. Uingereza si hivyo. Klabu huko ni kampuni, na kampuni ina hisa, na mwenye hisa nyingi ndiye mwenye kauli. Mashabiki elfu kumi wanaweza kuimba kwa miaka thelathini, lakini siku ya mkutano mwenye hisa hunyanyua mkono mmoja tu na shauri limekwisha. Kwa kawaida jambo hili halionekani, kama vile mtu asivyouona msingi wa nyumba mpaka ukuta uanze kupasuka.

Klabu ya Blackpool iliingia mikononi mwa Bw. Owen Oyston, tajiri wa biashara ya nyumba na vyombo vya habari, mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati ilipokuwa taabani. Haki isemwe: alipoichukua hapakuwa na foleni ya watu wengine wanaoitaka. Kuanzia mwaka 1999 mwanawe, Bw. Karl Oyston, alikuwa mwenyekiti. Mwaka 2006 akaja mfanyabiashara kutoka Latvia, Bw. Valeri Belokon, akanunua sehemu ya hisa na kuahidi kwamba timu ingefika Ligi Kuu katika muda wa miaka mitano. Watu walicheka. Tarehe 22 Mei, 2010, chini ya kocha Ian Holloway, Blackpool iliifunga Cardiff 3-2 huko Wembley na kupanda Ligi Kuu, mwaka mmoja kabla ya ahadi hiyo kufikia mwisho wake. Makumi ya maelfu ya watu wa mji mdogo walikuwa uwanjani siku hiyo wakiwa wamevaa rangi ya chenza.

Walikaa Ligi Kuu msimu mmoja tu. Waliifunga Liverpool nyumbani na ugenini, wakacheza mpira wa kushambulia bila woga, na siku ya mwisho wakashuka wakiwa na pointi 39. Hakuna aliyewalaumu wachezaji. Lakini Ligi Kuu huacha fedha nyingi nyuma yake, na mashabiki wakaanza kuuliza fedha hizo zimekwenda wapi, kwani kiwanja cha mazoezi kilibaki kile kile kibovu na wachezaji wazuri waliuzwa mmoja mmoja. Hesabu zilipochapishwa zilionyesha kuwa pauni milioni 11 zimelipwa kwa kampuni ya Bw. Owen Oyston kwa mwaka mmoja. Familia hiyo ilijitetea kuwa inaendesha klabu kwa uangalifu, bila madeni, tofauti na klabu nyingine zilizofilisika kwa kutapanya. Uangalifu ni jambo jema. Hata hivyo, katika mwezi wa Julai 2014, majuma machache kabla ya msimu kuanza, klabu ilikuwa na wachezaji wanane tu wenye mikataba, wala mlinda mlango hakuwamo. Mama yeyote ajuaye kupanga bajeti ya nyumba atatambua tofauti kati ya kubana matumizi na kuwanyima watoto chakula.

Kuanzia hapo ugomvi ulikuwa wa wazi. Mashabiki waliimba kumtaka mwenye mali aondoke; mwenyekiti naye akatembelea gari lenye namba zilizopangwa zisomeke kama wimbo huo huo wa kumtaka atoke, kwa dhihaka. Alimwandikia shabiki mmoja ujumbe wa matusi kwa simu, na Chama cha Mpira kikamtoza faini ya pauni 40,000 na kumfungia majuma sita. Baadhi ya mashabiki walishitakiwa mahakamani kwa mambo waliyoandika juu ya familia hiyo katika mitandao. Mzee mmoja mstaafu mwenye miaka 67 alikubali kulipa pauni 20,000 na kuomba radhi. Wenzake walichangishana wakamlipia.

Tarehe 2 Mei, 2015, timu ilikuwa tayari imeshuka daraja na ilikuwa ikicheza mechi yake ya mwisho nyumbani dhidi ya Huddersfield. Ilikuwa imetimia miaka 62 kamili tangu ile fainali ya Matthews. Kwa kuwa maandamano yalitarajiwa, sanamu ya Stan Mortensen iliyosimama nje ya uwanja iliondolewa mahali pake, jambo ambalo kwa wazee lilikuwa sawa na kutukaniwa marehemu. Kipindi cha pili kilipoanza, watu mia kadhaa waliingia kiwanjani na kuketi chini katikati ya duara. Hawakumpiga mtu. Mchezo ulikuwa katika dakika ya 48, nao haukuendelea tena.

Askari polisi anayelinda viwanja anajua kwamba kuingia kiwanjani ni kosa, na kosa hilo halibadiliki kuwa jema kwa sababu aliyelitenda alikuwa amekasirika. Kadhaa walishitakiwa na kuzuiwa kukanyaga viwanjani. Pengine hiyo ni mojawapo ya sababu zilizowafanya wengi wachague njia nyingine, ngumu zaidi, isiyohitaji askari hata mmoja. Waliamua kutokwenda.

Kaulimbiu yao ilikuwa fupi: hata senti moja zaidi hatutoi. Si tiketi, si jezi, si kikombe cha chai uwanjani. Jambo hili laonekana dogo kwa mtu asiyepata kuwa shabiki. Ni dogo kama kumwambia mtu wa kambini asikanyage kantini siku ya mshahara kwa miaka minne, tena wakati anasikia vicheko vya wenzake kupitia dirishani. Wapo waliokuwa wakikaa katika kiti kile kile tangu walipokuwa watoto, kando ya baba, na baba kando ya babu. Siku ya mechi walibaki nyumbani wakisikiliza redio, au walisimama nje ya lango wakiwa na mabango, wakasikia kelele za goli bila kuona aliyelifunga.

Wala hawakuwa na nia moja wote. Wako waliosema kwamba mpenzi wa kweli haiachi timu wakati wa dhiki, na kwamba wachezaji vijana waliovaa jezi hiyo hawakuwa na hatia yoyote. Hao waliendelea kuingia. Walio nje waliwajibu kuwa kila pauni inayolipwa mlangoni inamwongezea mwenye mali siku nyingine ya kukaa. Pande zote mbili zilisema kweli, na hilo ndilo lililofanya maneno yawe makali, kwa kuwa ugomvi ulikuwa ndani ya nyumba moja na kwenye meza moja. Timu nayo ilizidi kudidimia: mwaka 2016 ilishuka tena hadi daraja la nne. Mwaka 2017 ilirudi Wembley kucheza na Exeter, ikashinda 2-1 na kupanda. Kati ya makumi ya maelfu waliokuwa hapo mwaka 2010, wengi hawakwenda. Timu yao ilishinda Wembley nao wamekaa nyumbani kwa hiari yao.

Kisha yakaja mambo ya mahakama. Bw. Belokon alikuwa amewashitaki wenzake kwamba walimdhulumu yeye mwenye hisa chache. Tarehe 6 Novemba, 2017, Jaji Marcus Smith wa Mahakama Kuu alitoa hukumu kuwa familia ya Oyston ilichota fedha za klabu isivyo halali. Zaidi ya pauni milioni 26 zilikuwa zimelipwa kwa kampuni zao wenyewe. Waliamriwa kununua hisa za Bw. Belokon kwa pauni milioni 31.27. Siku chache baadaye klabu ikatangazwa kuwa inauzwa.

Hapo ndipo tabia ya watu wa Blackpool ilipoonekana. Mtu wa mbali angetazamia kuona vigelegele na watu wakikimbilia uwanjani. Furaha ilikuwapo, hapana shaka. Watu walipigiana simu, na wengine walitoa machozi waliposoma maneno ya jaji, kwa sababu kwa miaka mingi walikuwa wameambiwa kuwa ni wazushi, na sasa mzushi si wao. Lakini malango hayakujaa. Umoja wa mashabiki ulisema kwamba mgomo unaendelea. Kutangaza kwamba nyumba inauzwa si kuhama. Mwenye nyumba aweza kutaja bei ambayo hakuna anayeiweza, akaendelea kukaa sebuleni na kusema kuwa anasubiri mnunuzi.

Walikuwa na sababu ya kutilia shaka. Majuma yalipita, kisha miezi. Majina ya wanunuzi yalitajwa asubuhi na kukanushwa jioni. Mwanzoni mwa 2018 Bw. Owen Oyston alimwondoa mwanawe katika uenyekiti na kumweka binti yake. Katika familia nyingine hayo yangekuwa mabadiliko. Kwa waliosimama nje ya lango yalikuwa ni jina lile lile. Deni la Bw. Belokon lililipwa kidogo kidogo, nusunusu, na sehemu kubwa haikulipwa.

Katika muda huo wa kungoja, Januari 2018, alifariki Jimmy Armfield. Huyu alikuwa beki wa kulia aliyeichezea Blackpool mechi 627 na hakuchezea klabu nyingine yoyote. Alikuwa nahodha wa Uingereza, na akiwa nyumbani alipiga kinanda kanisani. Kwa waliosusia uwanja ulikuwa msiba na mtihani pamoja, maana huyu alistahili kuliliwa pale pale alipocheza. Ikatokea kwamba sanamu yake iko nje ya ukuta. Walileta maua na skafu za rangi ya chenza, wakaziweka miguuni pake, wakarudi nyumbani bila kuvuka lango.

Mwaka mzima ulikwisha na klabu haijauzwa. Tarehe 5 Januari, 2019, Arsenal walikuja kucheza mechi ya Kombe la Chama cha Mpira. Mbele ya hoteli walikolala, shabiki mmoja alipanda juu ya paa la basi lao na kukaa huko, akakataa kushuka, hata wachezaji wakahitaji usafiri mwingine. Arsenal walishinda 3-0, lakini siku hiyo nchi nzima ilimtazama mtu aliye juu ya basi na kuuliza ana shida gani. Hilo ndilo alilolitaka.

Mwisho haukuja kwa sababu mwenye mali alilegeza moyo. Kwa kuwa deni halikulipwa, tarehe 13 Februari, 2019, Mahakama Kuu ilimteua msimamizi wa kuchukua mali ili wadai walipwe, na klabu ikawa chini yake. Siku chache baadaye Bw. Owen Oyston aliondolewa katika halmashauri ya wakurugenzi. Palikuwa na hatari iliyojulikana wazi: kanuni za ligi ziliruhusu timu iliyoingia katika hali kama hiyo kukatwa pointi 12, na pointi hizo zingeweza kuishusha. Mashabiki walijadiliana na wengi wao wakasema afadhali kushuka wakiwa huru. Adhabu hiyo hatimaye haikutolewa.

Sasa walikubali kurudi. Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumamosi, tarehe 9 Machi, 2019, mechi na Southend. Kabla ya siku hiyo watu wa kujitolea walifika na ndoo na matambara kusafisha viti, ambavyo kwa miaka kadhaa vilikuwa vimekaliwa zaidi na ndege wa baharini kuliko watu. Siku yenyewe barabara ziendazo Bloomfield Road zilijaa tangu mapema. Walikuwapo wazee waliofikiri kuwa hawatauona tena uwanja huo wakiwa hai, na walikuwapo watoto wa miaka saba na minane waliolelewa katika mapenzi ya timu ambayo walikuwa hawajaruhusiwa kuitazama nyumbani. Wengine walikuja na picha za jamaa zao waliofariki katika miaka ya mgomo. Idadi iliyotangazwa ilikuwa watu 15,871, katika uwanja unaochukua karibu 17,000.

Mechi haikuwa nzuri sana. Kwa timu ambayo jukwaa zima lilikuwa likiilia, ilicheza kama iliyolemewa na heshima hiyo. Southend walikuwa mbele hadi dakika za nyongeza, ndipo Blackpool wakasawazisha, ikawa 2-2. Ni sare ya daraja la tatu, ya katikati ya msimamo wa ligi, ambayo mahali pengine popote ingesahauliwa Jumapili. Hapo, watu wazima walikumbatiana na wageni.

Mwezi wa Juni 2019 klabu ilinunuliwa na Bw. Simon Sadler, mzaliwa wa Blackpool aliyepata utajiri wake katika biashara ya fedha huko Hong Kong, na aliyekuwa shabiki tangu utotoni. Furaha ilikuwa kubwa, ingawa walio makini walikumbuka kwamba mwenye mali mwema naye ni mwenye mali, na kwamba kauli bado iko katika mkono ule mmoja. Hawakuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Katika jimbo lile lile la kale la Lancashire, klabu ya Bury iliuzwa Desemba 2018 kwa pauni moja. Mashabiki wake walitumaini kwamba mwenye mali mpya angewaokoa. Tarehe 27 Agosti, 2019, miezi minane tu baadaye, Bury ilifukuzwa katika ligi iliyokuwa imecheza kwa miaka 125, kwa kushindwa kuonyesha kuwa ina fedha za kujiendesha. Watu wake walibaki na uwanja mtupu wenye kufuli, bila hata timu ya kuisusia.

Mambo ya Blackpool, ya Bury na ya klabu nyingine yaliwafikia wabunge. Mwaka 2025 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuunda chombo huru cha kusimamia klabu za mpira, chenye mamlaka ya kuwachunguza wenye mali kabla hawajanunua na hata baada ya kununua, na sheria inazitaka klabu ziwasikilize mashabiki wake. Sheria hiyo bado ni changa, na matajiri wana mawakili.

Blackpool wenyewe walipanda daraja la pili mwezi wa Mei 2021 kwa kuifunga Lincoln 2-1 huko Wembley, mbele ya watu wachache, kwa sababu ulikuwa wakati wa ugonjwa wa korona na viti vingi viliachwa wazi kwa amri. Mwaka 2023 walishuka tena. Siku hizo watu walimlaumu kocha, wakamlaumu mwamuzi, wakawalaumu washambuliaji waliokosa magoli ya wazi. Kisha wakatoka uwanjani, wakakatiza mitaa ya nyumba za wageni hadi ufukweni, wakapanda tramu za kurudi makwao, upepo ukiwapiga usoni na mabishano ya mechi yakiendelea kituo hata kituo.